Ni Miye Nilifunga

Faili lilikuwa na karatasi mbili tu, na ya pili ilikuwa ukiri.

Inspekta Nono Mulenga aliisoma tena akiwa amesimama nje ya lango la Mama Annie Kangwa, mtaani Naviundu, huku akikwangua kwa kijiti matope mekundu yaliyoganda kwenye visigino vyake. Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri.

*Swali: Nani alifunga pompe? Jibu: Ni miye nilifunga.*

*Swali: Mara ngapi? Jibu: Mara mbili.*

*Swali: Mulalamikaji anasema mara tatu. Jibu: Ya kwanza ni papa Léonard.*

*Swali: Ulifunga juu ya nini? Jibu: Juu Mama apate mayi.*

Mwenzake aliyeyaandika hayo kituoni jana alikuwa amepigia mstari mwekundu jibu la kwanza. Pembeni mwa jibu la tatu aliandika: *marehemu tangu mwezi wa sita*. Jibu la nne aliliacha hivyo hivyo, kana kwamba halikusemwa. Nono ndilo alilolitazama zaidi. Alikuwa amesikiliza watu wengi wakikiri, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kueleweka, iwe hasira, wivu au pombe. Huyu alisema alifunga pampu ya maji ili maji yapatikane.

Saa sita kamili gari la kituo lingepita kumchukua. Mkubwa wake alisema wazi: mpaka saa hiyo, ama Nono awe na maelezo mengine, ama mzee Donat Chanda, sentinelle, mlinzi wa nyumba hii kwa miaka kumi na tisa, alale cachot, mahabusu ya kituo, na kesi yake iende parquet, kwa mwendesha mashtaka, kama mharibifu.

Saa yake ilionyesha saa tatu na nusu. Akagonga lango.

Aliyefungua alikuwa mlalamikaji mwenyewe, Désiré, mtoto wa pekee wa kiume wa nyumba hiyo, kijana wa miaka thelathini mwenye shati la ofisi na macho ya mtu asiyelala.

"Karibu, Mama Inspecteur. Nilizani batatuma technicien."

"Banatuma miye."

"Mais ni mambo ya courant."

"Mbele ya police nilimaliza électricité pa école technique," alisema Nono, akipigapiga mkoba wake, ndani yake kipima-umeme kikagonga bisibisi. "Leta mambo, tutaona kama nilisahau."

Uwanja ulikuwa umefagiliwa vizuri. Kisima kilikuwa katikati, kimefunikwa kwa bamba la chuma, bomba likipanda kutoka pale hadi tangi jeusi lililokaa juu ya mnara wa vyuma. Kando ya lango madumu ya njano ya majirani yalipangwa kwa mstari, matupu, kila moja na kitambaa cha rangi yake shingoni. Na mbele ya chumba kidogo cha nyuma, juu ya dumu lililopinduliwa, alikaa mzee mwembamba aliyevaa shati la kwendea Misa. Miguuni pake kulikuwa na mfuko wa mistari uliofungwa kamba. Alikuwa amekwisha kujitayarisha.

"Ni yeye," alisema Désiré bila kutazama upande ule.

"Nitamufikia. Anza wewe. Pole pole, siku kwa siku."

Désiré alihesabu Jumapili tatu kwa vidole. "Dimanche ya kwanza nilikuya kisha Messe. Citerne kavu. Naenda ku coffret ya courant, disjoncteur inaanguka, inakata nyumba yote, na manche, mupini ya swichi, iko pa FUNGA. Nikasema, nani anafunga? Mu parcelle ya kwetu hakuna muntu mwingine wa kugusa, paka yeye tu. Nikapandisha disjoncteur, nikafungula. Lundi Mama ananipigia: mayi inakuya. Dimanche ya pili, kitu kile kile. Nikamuambia, papa Donat, usiguse tena ile manche. Dimanche ya tatu, tena FUNGA! Njo nikairudisha pa FUNGULA, nikatia cadenas na lufungulo."

"Na tangu pale?"

"Tangu pale hata tone. Leo ni jeudi, siku ya nne. Donc anakata waya pahali pengine. Nikaingia mu chumba yake, nikapata hii." Akatoa mfukoni kipande cha waya, kirefu kama kidole, ncha moja nyeusi kwa kuungua na nyingine imekatwa safi kwa koleo. "Ilikuwa mu kopo ya maziwa."

Nono alikipokea, akakinusa, akakitia kwenye bahasha.

"Ile dimanche ya kwanza, ulipofungula, mayi ilitoka palepale?"

"Non. Nilisema courant iko kidogo. Nikarudia ville."

"Donc haukuiona na macho yako."

"Mama aliniambia lundi!"

"Dimanche ya pili?"

Désiré alitazama bamba la kisima. "Vilevile," akasema.

Nono aliandika: *Hakuna aliyeona maji yakitoka kwenye FUNGULA.* Hakumwonyesha.

Mama Annie alikuwa jikoni, akiosha majani ya viazi katika beseni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na alipomaliza hakuyamwaga. Aliyatia kwenye ndoo nyingine, ya kuoshea sufuria. Redio ndogo ukutani iliimba taratibu. Kando yake ilining'inia picha ya mwanamume mwenye kofia ya mgodi, akicheka mpaka ufizi.

"Kambove," alisema mama yule alipoona Nono anaitazama. "Électricien miaka makumi tatu. Hii kisima alichimbisha mwenyewe, akavuta waya mwenyewe. Akasema, Annie, mayi haitafungiwa jirani. Sasa angalia bidon za bantu pale pa lango. Nasikia haya kupita mu avenue."

"Mama, unaamini ni Donat?"

Mama Annie alikausha mikono kwa kitenge. "Siku za mwisho Léonard alikataa nimunyoe ndevu. Paka Donat tu. Alikuwa anamuinua mu kitanda kama mutoto. Muntu wa vile atanikausha miye?" Akashusha sauti. "Mais nilimuuliza mwenyewe, mbele ya ile photo. Donat, ni weye ulifunga? Akasema, ni miye, mama. Akasema vile, macho mu macho. Sasa nitabisha nini, Inspecteur?"

"Nani alikuwa anagusa pompe, baba akiwa muzima?"

"Yeye. Na Donat, wakati bwana yangu iko Kambove juma nzima. Siye bengine, hapana, miye na batoto wote. Alikuwa anasema, courant haijue kama weye ni bibi yangu." Akacheka peke yake. "Alikuwa na mambo yake ule! Mu Messe, padri akisema fungueni mioyo yenu, yeye ananisukuma na kiwiko: 'Annie, usifungule. Ukifungula hakuna kitu inapita.' Nilikuwa nacheka mpaka bamama ba mbele banageuka."

Nono alicheka naye. Daftari lake alikuwa amekwisha kulifunga.

Mzee Donat alisimama alipomwona anakuja, akavua kofia.

"Jambo, mama chef."

"Jambo, papa. Ikala." Nono mwenyewe alivuta dumu jingine, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Désiré alibaki nyuma, mikono imekunjwa kifuani. "Weye ni wa wapi?"

"Wa Pweto. Nilikuya huku na samaki za kukausha, nikauzisha, nikabaki."

"Ulifunga pompe?"

"Nilifunga."

"Siku gani?"

"Dimanche ya kwanza, kisha Désiré kwenda. Na lundi, kesho ya dimanche ya pili. Ile mara ya pili nilingoja jua kwanza."

Kalamu ya Nono ilisimama. "Jua?"

"Mvua ikinyesha, pompe haitake. Disjoncteur inaanguka. Nangoja jua ikaushe, njo napandisha disjoncteur, njo nafunga."

"Unasikia?" Désiré alipaza sauti. "Anangoja jua! Anachezea siye!"

"Nyamaza kidogo," alisema Nono bila kugeuka. "Na mara ya kwanza kabisa, papa? Ile ya mbele ya zote?"

"Ile si miye. Ni papa Léonard."

"Baba yangu alikufa mwezi wa sita!" Sauti ya Désiré ilipasuka katikati. "Muache hata jina yake, papa Donat. Jina yake tu, muachie."

Mzee alitazama kofia yake. Nono alitoa kile kipande cha waya.

"Na hii?"

"Nilikata pa mulango ya kisima. Joint ilikuwa inaungua. Nikaondoa kipande kibaya, nikaunga tena, nikavalisha sachet ya maziwa. Kila mwaka mbele ya mvua papa Léonard alikuwa anarudilia ile joint. Mwaka huu hakuna wa kurudilia. Ile kibaya nikaweka mu kopo, nionyeshe Désiré."

"Ulimuonyesha?"

Donat aliinua macho kwa yule kijana, polepole, bila hasira hata kidogo. "Alifika na cadenas mu mukono," akasema.

Saa nne na dakika tano. Nono aliinuka.

Sanduku la umeme lilikuwa nyuma ya jiko, chini ya kipande cha bati. Lilikuwa kazi ya mtu aliyependa kazi. Nyaya zilikwenda sambamba kama mistari ya daftari. Juu, ile disjoncteur ya kukinga nyumba, imesimama. Chini yake, swichi ya mpini, ya aina ile inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja. Kutoka hapo nyaya ziliingia kwenye boksi la kuanzishia pampu, kisha zikatoka kwenda kisimani. Kando ya mpini yaliandikwa maneno mawili kwa rangi nyeupe, herufi zimenyooka kama zile za kwenye mashine za mgodini: juu FUNGA, chini FUNGULA. Mpini ulikuwa chini, na kufuli jipya liking'aa limeupitia.

Nono alianza juu akashuka. Umeme unaoingia disjoncteur: volti mia mbili na kumi na nne. Unaotoka: zile zile. Unaoingia kwenye swichi: zile zile. Akagusisha vijiti vya kipima-umeme upande wa kutokea.

Sifuri.

"Inakatwa!" alisema Désiré. "Nilisema!"

"Inakatwa wapi? Ni mu swichi yenyewe. Nani ataingia mu swichi na cadenas juu?" Nono alinyoosha kiganja. "Leta lufungulo."

Kufuli likatoka. Nono akaupandisha mpini juu, kwenye FUNGA.

*Tak!* Disjoncteur ikaanguka. Jikoni redio ikanyamaza katikati ya wimbo.

Désiré alipiga makofi mara moja, kofi la mtu aliyeshinda bila kufurahi. "Voilà. FUNGA inafunga. Unaona mwenyewe, Mama Inspecteur, miye sina bongo, sidanganye."

Ilikuwa vigumu kumbishia. Nono aliurudisha mpini chini, akaipandisha disjoncteur. Redio ikaendelea kuimba. Akajaribu tena. FUNGA: *tak*, kimya. Mzee Donat alikuwa amesogea hadi pembe ya jiko, akitazama, kofia bado mkononi.

Saa nne na nusu. Nono aliegemea ukuta, akalitazama sanduku kana kwamba ni shahidi aliyejibu kwa haraka kupita kiasi. Kisha akasema, taratibu, kama anayemsomea mtu mwingine:

"Swichi ikikata courant, inakata kimya. Haiangushe disjoncteur. Disjoncteur inaanguka wakati courant inapita, na inapita pahali haitakiwe."

"Na maana yake?"

"Maana yake, pale pa FUNGA courant ilitembea. Ilipita swichi, ikaenda mbele, ikakuta mambo mabaya kule." Akashusha disjoncteur kwa mkono wake, akapima kuhakikisha hakuna kitu, akafungua skrubu mbili za chini na kuzitenga nyaya ziendazo kisimani, mbali, kila moja na kipande chake cha utepe. "Sasa swichi iko peke yake. Haina kisima, haina pompe. Kuya hapa, Désiré. Miye nitashika vijiti, weye utasoma. Manche iko pa FUNGULA. Soma."

Désiré aliinama. "Zéro."

"Panda pa FUNGA. Weye mwenyewe."

Mpini ulipanda. Disjoncteur haikuanguka. Redio haikunyamaza.

"Soma."

Désiré aliinama zaidi.

"Soma, nisikie."

"Deux cent quatorze," alisema Désiré. Mia mbili na kumi na nne.

"Shuka."

"Zéro."

"Panda."

"Deux cent quatorze." Aliutazama mpini, akayatazama yale maneno, akautazama mpini tena. "Baba aliandika mubaya?"

Nono alimgeukia mzee.

"Papa Donat, nani alikufundisha kufunga?"

"Papa Léonard."

"Alisemaje? Maneno yake, vile alisema."

Mzee alitia kofia kwapani ili mikono yake iwe huru. "Alisema, waya ni kama bantu mu ronde. Bakishikana mikono, ngoma inatembea. Moya akiachia, inakwisha." Akakutanisha vidole vya mkono wa kuume na vya kushoto. "Kushikana, njo kufunga." Akaviachanisha. "Kuachia, njo kufungula."

Nono alikumbuka ubao mweusi wa shule ya ufundi, na mwalimu wa mwaka wa kwanza akichora duara mbili kwa chaki, moja imekatika na moja imekamilika. *Circuit ouvert*, iliyofunguliwa, inalala. *Circuit fermé*, iliyofungwa, inatembea. Darasa zima lilikosea siku ile, kwa sababu kila mmoja wao alitoka nyumba yenye bomba.

"Robinet ukiifunga, mayi inasimama," alimwambia Désiré. "Courant ukiifunga, inatembea. Bote ba fundi ba courant banasema vile na kifaransa. Baba yako alisema na kiswahili, juu papa Donat asikie. Hakuandika mubaya. Alimuandikia muntu moya tu."

Kwenye mlango wa jiko Mama Annie alikuwa amesimama, beseni ubavuni. "Annie, usifungule," alisema, nusu kwa kucheka, na mkono wake mmoja ukaenda mdomoni. "Yesu wangu. Ukifungula, hakuna kitu inapita. Na miye miaka yote nazani anacheka padri!"

Désiré alikuwa bado ameshika mpini. "Donc dimanche ya kwanza," akasema, "manche ilikuwa pa FUNGA sababu..."

"Sababu baba yako aliiacha pale," alisema Nono. "Mwezi wa sita. Hakuna mwenye aligusa mpaka weye ulikuya. Papa Donat alisema ile kituoni, banaandika pembeni kama ni muntu wa bongo, wa kudanganya."

"Na miye nikafungula."

"Mara tatu. Yeye akafunga mara mbili. Ya tatu ukatia cadenas."

Kijana aliuachia mpini kana kwamba umechomwa na jua. Alitaka kusema kitu kwa Donat. Alipiga hatua moja kumwendea, akasimama. Nono alimwonea huruma, lakini saa ilikuwa tano kasoro kumi, na swichi iliyosafishwa jina bado haikuwa maji.

"Mutalia kisha," akasema. "Kuko kitu inaangusha disjoncteur. Papa, nipeleke pa joint yako."

Disjoncteur ilishushwa. Désiré alikaa mbele yake asije mtu akaigusa, hata yeye mwenyewe. Donat aliinua bamba la kisima, na pembeni mwa bomba, kwenye shimo dogo la kuhifadhia nyaya, kulikuwa na kitu cheupe kilichovimba. Sachet ya maziwa, ule mfuko wa plastiki. Ilikuwa imefungwa kwa uzi wa nyavu, fundo la Pweto, zuri, mdomo wa sachet ukitazama juu.

Nono aligusisha kijiti kimoja kwenye ncha ya waya alioutenga, kingine kwenye chuma cha bomba. Waya mzima haukutakiwa kuonyesha njia yoyote ya kwenda ardhini. Sindano iliegemea upande mbaya, ikabaki huko. Akachukua kisu, akaichoma ile sachet kwa chini.

Maji yalimmwagikia mkononi kama maziwa kutoka kiwele cha mbuzi.

"Aa!" alisema Donat.

"Mvua inaingia kwa juu, inakaa. Courant inakunywa mayi, inaenda mu udongo, disjoncteur inaanguka. Jua ikiwaka siku mbili, inakauka, pompe inatembea. Uliona vizuri, papa. Ulingoja jua juu uliona vizuri."

"Mais sachet niliweka miye. Donc kosa ni yangu pia."

"Kosa yako ni moya: ulifunga sana."

Mzee alichukua muda kuuelewa utani huo, kisha akacheka, meno mawili ya mbele hayapo, na ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mabega yake kushuka.

Désiré alitumwa quincaillerie, duka la vifaa vya ujenzi, kununua viungio vya shaba na ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Angeweza kuchukua pikipiki ya kukodi. Alikimbia. Aliporudi, suruali yake ya ofisi ilikuwa na matope hadi magotini, na hakukipa Nono kile kifurushi. Alimpa Donat, kwa mikono miwili.

Walifanya kazi watatu juu ya shimo lile. Nono alikata ncha zenye kutu mpaka shaba ikang'aa, Donat akazisokota kwenye viungio na kuzibana, Désiré akaleta kaa la moto kwa koleo kutoka jikoni, akalisogeza, akalisogeza, hadi mpira ukasinyaa na kuukumbatia waya pande zote. Kisha kiungio kikatundikwa juu ya bomba, mahali ambapo maji ya mvua yangepita bila kukaa. Nono alipima tena kuelekea ardhini. Sindano haikutikisika.

Saa sita kasoro dakika nane. Akarudisha nyaya mbili chini ya swichi, akakaza skrubu, akapandisha disjoncteur, akasogea kando.

"Ni nyumba yenu," akasema.

Désiré alisimama mbele ya yale maneno mawili meupe. Mkono wake ulifika kwenye mpini ukasita.

"Nilitaka kupaka rangi hapa," alisema. "Niandike MARCHE na ARRÊT, kutembea na kusimama. Sasa sitaki." Akageuka. "Papa Donat. Nifanye nini?"

"Funga, mutoto yangu."

Akafunga.

Disjoncteur ilibaki imesimama. Redio iliendelea. Chini ya ardhi, mbali, kitu kilianza kunguruma kama mtu anayeamka bila haraka. Bomba likakohoa mara mbili, likatema maji mekundu, kisha kwenye tangi juu ikasikika sauti ile ya kwanza, ya maji yanayoanguka mahali patupu. Mama Annie aliliita kwa kelele jina la mumewe, si kwa huzuni. Huko avenue mtu aliitikia, na madumu yakaanza kugongana langoni.

Nono alikaa kwenye dumu la Donat, akafungua faili juu ya goti. Hakufuta kitu. Chini ya ule mstari mwekundu aliandika kwa mkono wake: *Katika nyumba hii, kufunga maana yake ni kutoa maji. Mshukiwa alisema kweli katika majibu yake yote manne.* Akatia sahihi, tarehe na saa. Alipoinua kichwa, ule mfuko wa mistari haukuwepo tena mlangoni. Désiré alikuwa akitoka ndani ya chumba cha nyuma, mikono mitupu, akijipangusa macho kwa kiwiko.

Saa sita kamili gari la kituo lilipiga honi. Dereva, askari mnene aliyekuwa amechoka na joto, aliingia akipenya katikati ya majirani na madumu yao.

"Jambo yenu. Banasema kuko muntu alifunga mayi. Iko wapi?"

Mzee Donat, ambaye hakuwahi kujifunza kusema vinginevyo, alisimama na kuvua kofia.

"Ni miye nilifunga."

Désiré alikuwa amekwisha kufika kati yao. Alimshika mzee begani, akamkalisha chini taratibu, akamgeukia askari.

"Njo yeye mwenyewe," akakubali. "Leta bidon yako, chef, uchote."